Pedi ya Bega la Wilhelmina

Jumatatu, 14 Julai
Wilhelmina, mfamasia wa hapa Igogo, kaleta kizibao nimtilie pedi begani. Miaka miwili namshonea, miaka miwili namwaza. Nikauliza pedi ya nini. Akasema bunduki humgonga. Kila Jumamosi yuko kwenye klabu ya shabaha, nje ya Buhongwa. Hawaui kitu. Mashine inarusha visahani vya udongo angani, wewe unavipasua vikiwa vinaruka. Macho yakamng'aa. Mimi sijawahi kuyang'arisha macho yale kwa pindo la sketi. Nikasema hata mimi nililenga sana ujanani. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Kanialika.

Jumatano, 16 Julai
Mazoezi nyuma ya duka. Mpini wa fagio begani, jirani yangu Mama Kija akirusha mifuniko ya ndoo. Anasema nafumba macho. Nimejishonea kizibao pia, pedi tabaka nne. Wilhelmina alipita, hakuingia. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, nikashona mkono wa shati la mteja ukafungwa.

Jumamosi, 19 Julai
Klabuni. Sheria kwanza: unatembea na bunduki ikiwa imefunguliwa na haina kitu, masikio yamezibwa, risasi unatia zamu yako ikifika. Luhaga, daktari wa mifugo mwenye mabega mapana, kapasua visahani ishirini na kimoja kati ya ishirini na vitano. Wilhelmina akampigia makofi. Nikasikia wivu.

Zamu yangu. Pedi nene mno, kitako cha bunduki hakina pa kukaa. Nikaita, "Vuta," kama wanavyoita wote ili mashine irushe. Kisahani kikapaa, cha rangi ya chungwa, kizuri. Nikakitazama tu. Cha pili nilifyatua kikiwa kimeshatua. Kitako kikateleza, kikanipiga shavuni. Luhaga akauliza, kwa upole, ujanani nilikuwa nalenga nini. Upole ule uliniuma kuliko shavu.

Wilhelmina akaja na mkasi, akafumua pedi zangu tabaka moja moja, watu wanaona. Akanikalishia kitako cha bunduki vizuri begani. "Kifuate, kitangulie kidogo, na usisimamishe bunduki ukifyatua." Nikasikia harufu ya sabuni yake. Nikafyatua. Kikamegeka kipande. Akasema kinahesabika.

Halafu taratibu: "Fundi Chenge, ungesema hujui, ningekufundisha tangu mwanzo."

Nimeapa. Sidanganyi tena.

Jumatano, 23 Julai
Kachukua kizibao chake. Akasema sasa bega halitamuuma. Nilikuwa nasubiri aondoke ili niendelee kumwaza kwa raha, lakini akasimama mlangoni. Jumapili timu yao ya wanawake inashindana kupiga kasia ziwani kule Kamanga, na mshika usukani wao anaumwa. Akauliza kama namjua mtu anayeweza, hata mwanamume.

Nikakumbuka kiapo. Alikuwa ananitazama.

Nikamwambia baba yangu alikuwa nahodha, mimi nimezaliwa mtumbwini. Baba alikuwa fundi cherehani Shinyanga. Kuogelea sijui.

Kafurahi sana. Jioni nimeshuka mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, kuangalia kama usukani unakaa mbele au nyuma.