Amiba Kammeza Mkaguzi

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Tena mchana kweupe, kaptura imepigwa pasi!

Shule yetu ya Pongwe mnaijua. (Msioijua, hamjapoteza kitu.) Leo kaja mkaguzi kutoka mjini kutazama somo la sayansi. Mwalimu Mkuu, Mzee Mbwana, alikwishatuambia: atakayemfurahisha mkaguzi ndiye atakayepewa sayansi mwakani. Tulioitaka ni wawili, mimi na Mwalimu Hemedi.

Somo lenyewe ni amiba, kidudu kisichoonekana kwa macho. Hana miguu. Akitaka kwenda, husukuma ukingo wa mwili mbele, ukashika chini, kisha wa nyuma akauvuta. Akikuta chakula hukizunguka, akakifunika kizima kizima.

Hemedi kaja na donge la unga wa ngano. Analivuta huku, analibonyeza kule. Nikamwuliza, "Sheikh, hii sayansi au futari?" Akaendelea kukanda, maskini.

Mimi bwana! Nimeazima shuka la marekani, pana kama ua. Nikawatia wanafunzi wanane chini yake pale uwanjani, na mimi mwenyewe katikati kama sultani. Chakula chetu ni kigoda kilichowekwa mbele.

"Mbele, toeni!" Wa mbele wakasukuma shuka kwa mikono. "Shikeni! Nyuma, vuteni!" Wa nyuma wakakunja. Wallahi tulikwenda! Nje nikasikia makofi. (Hemedi hakupiga. Namjua.)

Tatizo, mle ndani huoni kitu. Joto, jasho, harufu ya miguu. Wa kushoto wakatoa ukingo, wa kulia nao wakatoa, kila upande unavutia kwake. Amiba karibu apasuke!

"Punda nyie! Kulia, rudisheni!"

Tukapinda. Mara ukingo wa mbele ukagota.

"Chakula hicho! Kizungukeni! Kifunikeni!"

Wakakifunika. Nikanyoosha mkono nikivute katikati. Mbona laini?

"Kigoda gani hiki kinabonyea?" nikasema. "Kama kitambi cha yule mkaguzi! Eti naye anakagua watu, na viatu vyake mwenyewe hajaviona tangu vita viishe."

Hakuna aliyecheka. Nikashangaa, maana utani wangu huwa wanaucheka. (Wasipoucheka huwachapa.)

"Mwalimu," mmoja akanong'ona, "chakula kimevaa miwani."

Kumbe bwana mkubwa alikuwa kasogea atutazame kwa karibu!

"Nyuma, vuteni!" nikapiga kelele. Wakavuta kweli, kwa hofu, shuka lote likaenda nao. Tukabaki juani, mimi na Bwana Mkaguzi, kiganja changu kimetulia juu ya tumbo lake. Shule nzima inatazama. Nikatafuta neno la hekima, likaja moja tu.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, akauondoa mkono wangu taratibu kama anayeondoa nzi. "Mwalimu, nijuavyo mimi, amiba hana mdomo. Huyu wako anao."

Hemedi kacheka mpaka kakaa chini. Sayansi kapewa yeye. Mimi Mzee Mbwana kanipa kilimo, shamba la mihogo nyuma ya vyoo, na hata kunitazama hakunitazama.

Haya, chekeni mmalize leo leo. Kesho atakayeniita amiba atanitambua.