Antena ya Satelaiti Iliyokataa Paa la Gari Langu

Jamani, leo nimevuliwa nguo na kijisumaku kisichozidi kifuniko cha chupa ya chai. Ukweni. Mchana kweupe. Mbele ya wazee.

Nawasimulia mwenyewe, maana baba mdogo wangu alikuwepo na yule mtu akianza kusimulia huwa anaongeza chumvi.

Wengi humu mnajua nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda mjini. Simenti, misumari, mabati, rangi, na puti, ule udongo wa kwenye kopo ambao mafundi wa bodi wanazibia mabonde ya gari kabla ya kupiga rangi. (Hiyo puti muikumbuke.) Mnajua pia nina gari dogo la Kijapani, la zamani, jeupe. Nililinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia Sumbawanga. Aliniapia kwamba halijawahi kupata hata mkwaruzo, bati lake ni lile lile la kiwandani. Nikaamini. Tena sikuishia kuamini, nikawa mhubiri wake. Hakuna aliyewahi kupanda gari langu akashuka bila kusikia kwamba halijaguswa nyundo.

Sasa kuna Kabula. Kabula ndiye ninayetaka kumuoa, na yeye anataka, tatizo ni mahari. Baba yake, Mzee Masanja, ni Msukuma mwenye zizi kubwa huko njia ya kwenda Karema, na mahari kwao ni ng'ombe. Mimi ni Mpimbwe. Tunalima mpunga. Ng'ombe tunawafahamu vizuri, ila wengi tumefahamiana nao wakiwa ndani ya shamba letu wanakula.

Baba mdogo Kalisto, ambaye ndiye mshenga wangu, akaenda kuuliza kama mzee anaweza kupokea gari badala ya ng'ombe. Sote tulitegemea afukuzwe. Mzee akamjibu hivi: "Ng'ombe ninao. Gari sina. Leteni tuione. Lakini redio yake iwe inaongea. Gari isiyoongea nitaifanyia nini huku?"

Redio ya gari langu ilikuwa haiongei. Ilikuwa inachemka tu kama mafuta ya maandazi, maana antena ya zamani ilivunjika siku nyingi, kimebaki kisiki.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya safari, nikapita kwa fundi redio. Baba mdogo kakaa kiti cha mbele na koti lake la harusi na misiba, anafanya mazoezi ya hotuba. Fundi akatoa antena mpya, nyeusi, ina umbo la pezi la samaki, na chini yake kuna kitako cha duara.

"Broo, hii ndiyo ya kisasa. Ya satelaiti. Hata porini unashika."

"Satelaiti kabisa?"

"Si unaliona umbo lake?"

(Sikuona uhusiano wa pezi na satelaiti, lakini niliitikia kama mtu anayejua.)

Akapitisha waya mlangoni, akauchomeka nyuma ya redio. Halafu akaibandika antena kwenye kontena lake la chuma, ikanasa taa! Redio ikaongea mpaka baba mdogo akakatisha hotuba. Nikamwambia fundi aibandike kwenye gari tuondoke.

"Kubandika si kazi, kitako ni sumaku. Weka katikati ya paa, inajishika yenyewe."

Hapo ndipo ujuaji wangu uliponiponza. Nikasema hapana, usiibandike. Nitaibandika mwenyewe mbele ya baba mkwe. Nataka aone teknolojia. Nikaiweka juu ya dashibodi, tukaondoka.

Tukafika salama, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee Masanja alikuwa amekaa uani na ndugu zake wawili, na redio ndogo ya betri pembeni inakoroma. Tukasalimiana vizuri. "Mwangaluka," anasema, nami naitika "Mwangaluka, baba," huku nimeinama mpaka mgongo unalia. Kabula nilimuona kwenye mlango wa jiko, kavaa kitenge kipya. Moyo wangu ukafurahi kabisa.

Mzee akasema hotuba baadaye, kwanza mnyama aonekane.

Na kweli alilikagua kama mnyama. Alilipiga gari kofi la ubavu. Aliangalia matairi, akayaita kwato. Akaniambia nifungue mdomo, yaani boneti, akachungulia humo muda mrefu. Wale ndugu zake wakalisukuma kwa nyuma kuona kama linachechemea. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Nikaona nikoleze. "Baba, gari hii bati lake ni la kiwandani. Halijaguswa nyundo."

"Halijaguswa!" baba mdogo akadakia. "Mimi mwenyewe nashuhudia!" (Baba mdogo hajui hata boneti inafunguliwa wapi.)

Kisha nikasogea na antena. Nikaiinua juu kidogo, waione wote, hata wa jikoni. Nikaeleza kwamba hii ni ya satelaiti, inajishika yenyewe. Nikaiweka katikati ya paa. Nikatoa mkono kwa mbwembwe.

Ikateleza taratibu, ikashuka kwenye kioo cha mbele, ikatulia kwenye waipa.

"Vumbi," nikasema. Nikafuta paa kwa mkono wa shati langu jeupe. Nikaiweka tena. Ikateleza tena, safari hii upande wa pili. Nikaiweka mara nyingine nikaikandamiza kwa nguvu zote nikihesabu kimoyomoyo. Nikaachia. Ikaanguka chini, kuku wakakimbia.

Mzee akaiokota. Akaigeuza.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, na kwa upole huo nikajua nimekwisha. "Hii inashikwa na nini?"

"Sumaku, baba."

"Sumaku inakamata nini?"

"Chuma, baba."

Mimi muuza puti nilikuwa nimeshaelewa, na jasho lilikuwa limeshaanza safari mgongoni.

Mzee akaanza kulizunguka gari na ile antena mkononi, waya unamfuata kama kamba ya ndama. Paani: inaanguka. Mlango wa nyuma kushoto: inaanguka. Juu ya tairi: inaanguka. Mlango wa dereva: taa! Ikashika.

"Hapa ng'ombe," akasema.

Akaibandua, akasogea ubavuni. Ikaanguka.

"Hapa uji."

Ndugu zake nao wakaingia kazini. "Jaribu hapo kaka!" "Uji!" "Na hapo?" "Uji!" Ikawa sherehe. Kila wakisema uji, jikoni kunalipuka kicheko, na naapa kimoja nilikifahamu kuwa ni cha Kabula. Ndugu mmoja akagonga juu ya tairi la nyuma kwa fimbo yake, kipande cha puti kikadondoka, kikubwa kama kitumbua. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kanga akaenda nyuma ya nyumba. Baba mdogo, shahidi wangu, alikuwa amegeuka anasifia zizi.

"Gari hii iliwahi kulala," mzee akasema. "Ilibingirika kabisa."

"Baba, mwalimu aliniapia..."

"Mimi ni mchungaji. Mnyama aliyeanguka namjua. Mwalimu wako alikuuzia mfupa na ugali."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na chini ya aibu kulikuwa na hofu, maana nilijua kinachoondoka pale si gari. Nikamtafuta Kabula kwa macho. Alikuwa ameacha kucheka, anamwangalia baba yake.

Mzee akaitazama antena tena. "Na hii yenyewe ni nzima?"

"Hii nzima, baba. Mpya."

Akaniambia nichomoe waya. Akanyoosha mkono akaibandika kwenye bati la nyumba yake. Taa! (Bati lenyewe ni la geji nzito, naliuza.) Ndugu yake akachukua ncha ya waya akaifunga kwenye mkonga wa redio ndogo ya betri. Mkoromo ukakata. Mtangazaji wa mpira akaongea kama kakaa nasi uani, na wazee wote wakasema "Eeeh!" kwa pamoja.

"Hii tumepokea," mzee akasema. "Gari rudini nayo. Mpunga wenu ukishavunwa, mje na ng'ombe."

Tukarudi. Njiani redio inachemka maandazi. Tulipokaribia mjini baba mdogo akakohoa. "Lakini mlango wa dereva ni mzuri," akasema. Nilitaka kumshusha.

Nimefika nyumbani nimelala kifudifudi, nikijua posa ndiyo imekwisha. Sasa hivi Kabula kapiga simu, sauti ya mpira inasikika nyuma yake.

"Pole. Umekula?"

"Kabula, baba yako kanikataa."

"Nani kakukataa? Hukusikia alivyosema tumepokea? Kwa baba, akishapokea kitu cha mtu, hamsikilizi mposaji mwingine. Mama ameshaanza kuwaambia majirani."

"Kapokea antena!"

"Basi mimi nimechumbiwa kwa antena. Vuna mpunga."

Kwa hiyo ndugu zangu, mimi ni mchumba wa watu rasmi. Gari nauza, chuma chake kipo mlango wa dereva, pengine pote mje na vijiko. Na atakayecheka humu, nimemuona, pilau ya harusi hali.