Sifuri ya Chumba cha Boila

Jumatatu, 4 Machi

Mkaguzi wa hewa anakuja Alhamisi. Meneja katangaza mbele ya kiwanda kizima cha sabuni: kipima gesi kikisoma sawasawa siku hiyo, mimi ndiye Mkuu wa Vipimo. Kikikosea, funguo za chumba cha vipimo anapewa Miwani. Miwani! Mtu anayefuta miwani yake kila nikianza kuongea.

Kazi yenyewe nyepesi. Mashine ina mitungi miwili. Wa kwanza ni wa naitrojeni, gesi isiyo na moshi hata chembe. Huo ndio unaoifundisha mashine sifuri. Wa pili una ile sumu ya moshi, kiasi kinachojulikana, ili kuona kama mashine inahesabu vizuri. Basi.

Nimefungua wa naitrojeni. Kimya. Mtupu!

Nikakumbuka. Nilisikia tairi likijazwa naitrojeni halipungui upesi, nikawajazia ndugu na jamaa matairi yao kwa mtungi huu. Lakini kila mtu alichukua kidogo tu!

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kaniuliza kwa nini nilisaga meno usingizini. Nikasingizia mbu.

Kisha akili ikaja. Hewa ni hewa! Na humo hewani si imejaa naitrojeni? Nikaibeba mashine, nikaenda kujificha chumba cha boila, maana chumba cha vipimo Miwani ananichungulia. Boila inalishwa kuni na shemeji, kaka wa mke wangu. Nikangoja mashine itulie, nikabonyeza SIFURI. Ikatii kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Mtungi wa pili ukasoma pungufu, karibu nusu. Umezeeka, nimeamua. Nani hazeeki?

Shemeji analalamika kichwa kinamgonga tangu bomba la moshi litengenezwe. Nikampimia hewa pale pale, nikamwonyesha: sifuri. Nikamshauri apunguze manung'uniko. Akasema haya, kama mashine imesema.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoka na mashine mpaka getini. Ikasoma chini ya sifuri! Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Halafu nikatulia, nikafikiri. Chini ya sifuri maana yake hewa yetu ni safi kupita usafi. Nikamkimbilia meneja kabla Miwani hajamfikia. Kanipa mkono, anataka kuweka kibao getini.

Miwani akauliza kitu kinawezaje kupungua kuliko hakuna kitu. Wivu huo. Akafuta miwani.

Mchana shemeji katapika. Mke wangu kapiga simu, anataka kujua hewa ya kule ikoje. Nikamwapia kwamba ni safi. Kila nikipita boila nampimia tena, na kila mara sifuri. Sasa kwa nini roho iko juu?

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi, mpole, kaja na mashine yake. Getini yangu ikasoma chini ya sifuri. Meneja akachekelea. Yule mama hakucheka.

"Sifuri hii uliifundishia wapi?"

Nikasema chumba cha boila. Akaweka mkoba wake chini.

"Nani yumo humo sasa hivi?"

Nilikimbia. Yarabi, nilikimbia! Nilimkuta shemeji kaegemea ukuta, macho hayashiki, ananiita kwa jina la dada yake. Tukamburuta nje, mimi na Miwani. Miwani yake ikaanguka mlangoni, akaikanyaga mwenyewe, wala hakusimama.

Mashine ya mama imeonyesha chumba kimejaa sumu. Kiungo cha bomba la moshi kimepasuka. Mimi nimeifundisha mashine kwamba sumu ndiyo sifuri, nikamwonyesha shemeji wangu kwa kidole. Niliogopa leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji katoka hospitali. Daktari anasema atapona, alipewa hewa ya mtungi. Mke wangu anaongea nami kupitia watoto: mwambieni baba yenu chakula kiko mezani. Shemeji hataki salamu zangu. Nimelia bafuni, maji nimefungulia yote.

Boila imezimwa. Funguo kapewa Miwani. Anatafuta tundu la kitasa kwa kupapasa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejifunza! Naandika ili nisisahau: kamwe usisawazishe kipimo chumba cha boila.

Mkaguzi anarudi Jumatatu. Miwani kanituma kuchukua mtungi mpya wa naitrojeni. Umejaa pomoni, mzito, mtamu kuubeba. Njiani nikapita kwa shemeji, ili kutoa heshima. Kagoma kufungua mlango. Nikasimama uani kama mdaiwa, nikitafuta neno la kumwomba radhi, ndipo nikaiona pikipiki yake. Tairi la nyuma limelala chini kabisa. Maskini, hata hiyo haina pumzi!

Kosa ni langu, na kulipa ni wajibu. Mtungi huu hapa. Kidogo tu.