Ndama wa Maridadi

Fabiani wa Mazwi hakuwahi kusomea udaktari, lakini koti jeupe alikuwa nalo, na mjini Sumbawanga koti jeupe ni nusu ya digrii. Nusu nyingine ni kalamu mbili mfukoni. Yeye alikuwa nazo tatu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la dawa akipiga soga, mara akaingia mama wa Kisukuma na binti yake wa miaka kumi, mnene kuliko umri wake. Mama akaulizia sindano ya homoni. Muuza dawa akatikisa kichwa. Fabiani hakusikia ugonjwa hapo, alisikia ng'ombe. Kwa akili yake, mtoto hanenepi hivyo bila maziwa, na maziwa hayaji bila zizi.

"Mwangaluka, mayu," akawafuata nje akimwamkia mama kwa Kisukuma, sauti imelainika kama ya padri siku ya mavuno. "Homoni ndiyo kazi yangu. Nimezisomea Ulaya."

"Ulaya ipi?" akauliza binti.

"Ya ndani kabisa."

Mama, jina lake Sayi, alimtazama kuanzia viatu hadi kalamu. Alikuwa amechoka, na alichoshwa na watu kuliko ugonjwa. Miaka miwili nyuma binti yake, Debora, alipasuliwa Dar akatolewa uvimbe kwenye ubongo. Uvimbe ulitoka, ila uliharibu ile sehemu inayomwambia mtu kwamba ameshiba. Tangu hapo mtoto anakula na njaa haisogei, na hata akipunguziwa chakula mwili unazidi kunenepa. Majirani wakasema mama anamlisha siagi. Kanisani wakamshauri apunguze chapati. Mtoto ambaye hajaonja chapati tangu Pasaka! Hata mimi ninayesimulia hasira inanipanda.

"Dawa ipo," Sayi akasema. "Madaktari wa kweli wameshaiandika. Fomu ya bima ndiyo imekwama ofisini, sasa miezi mitano. Nikienda naambiwa njoo kesho. Wewe una koti, watakusikiliza. Ikipita, nakupa mbuzi."

"Mbuzi!" Fabiani akashika kifua. "Mayu, homoni ni sayansi ya ng'ombe."

Kesho yake akapanda bodaboda hadi kwa Sayi, nje ya mji. Ng'ombe zizini walikuwa wamekondeshwa na kiangazi, isipokuwa mmoja mweusi, mpana, manyoya yanang'aa, tumbo limejaa. Fabiani amezaliwa Mazwi, katikati ya mji, ng'ombe anamjulia buchani. Akasimama mbali, upande wa kichwa, maana aliwahi kusikia kwamba nyuma kuna mateke.

"Yule anaitwa nani?"

"Maridadi."

"Ana mimba."

Debora akainamia viatu vyake.

"Umemwona vizuri, daktari?" Sayi akauliza. "Sogea umwangalie."

"Mimi homoni nazisoma kwa macho. Miezi sita hiyo. Yeye simtaki, Mazwi nitamfugia wapi? Nataka ndama wake. Wote atakaozaa mpaka afe."

"Baba, si uchukue mbuzi tu?" Sayi akasihi, na Mungu ni shahidi, alisihi mara tatu.

Lakini tamaa ilishashika kalamu. Fabiani akaandika kwa mkono wake: *Mimi Dokta Fabiani, baada ya kumpima kitaalamu ng'ombe Maridadi, nakubali ndama wake kuwa malipo yangu yote.* Akagonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili.

Ikabaki kazi ya ofisini. Debora akamwazima daftari ambamo ameandika kila alichosikia kwa madaktari, na Fabiani akalikariri siku tatu. Siku ya nne akasimama mbele ya meza ya Bwana Isdori, mwenye mafaili.

"Mzee, unaijua hipothalamasi?"

Bwana Isdori akaangalia dirishani. "Kwa kiasi."

"Ni kadude kadogo, kamekaa chini ya ubongo. Ndiko kanakokwambia umeshiba. Kale ka mtoto huyu kameharibika. Miaka miwili anainuka kwenye chakula na njaa yake. Na fomu yake ndiyo hiyo umeiwekea chupa ya chai."

Hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza kumtoka tangu kipaimara. Bwana Isdori akaondoa chupa, akatafuta muhuri wake. Baada ya wiki tatu sindano zikaja kwa basi kutoka Mbeya, ndani ya boksi la barafu.

Desemba, mvua zimeshika, Fabiani akarudi na kamba mpya. Ndama alikuwa ameshamuuza kwa watu watatu. Alimkuta Maridadi shambani, nira shingoni, anavuta plau.

"Mnamlimisha mjamzito!" akapiga kelele.

Debora alikuwa kizingitini na sahani ya ugali na maharage. "Daktari, zunguka nyuma."

Akazunguka. Kiwele hakikuwepo. Hata vya dume havikuwepo.

"Ni maksai," Debora akasema. "Alihasiwa akiwa mdogo. Walipomtoa homoni ndipo akanenepa, hata majani yakiwa haba. Mimi na yeye ugonjwa wetu mmoja. Nilijua daktari utautambua."

"Nitawashtaki!"

"Kwa balozi wa nyumba kumi ni pale penye bati jekundu," Sayi akamwonyesha, kicheko kimembana mbavu. "Nenda na karatasi yako, muhuri si upo? Mwambie daktari wa homoni alimpima maksai akamkuta na mimba."

Fabiani akaitazama karatasi, akaikunja, akakaa juu ya kamba yake kwenye matope. Debora akamhurumia. Akamsogezea sahani, nusu ya ugali ikiwa bado imo.

"Karibu, daktari. Mimi nimeshiba."

Sayi akaacha kucheka.

"Umesemaje?"

"Nimeshiba, mama."

"Sema tena," Sayi akasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Debora akasema tena. Fabiani akanawa, akamaliza ule ugali polepole, kwa sababu mjini walikuwa wanamsubiri watu watatu na hakuwa na haraka yoyote.