Gogogo, Bendi Niliyoigundua Mimi

Jumanne, 8 Julai

Bunda. Nilienda kuchukua spika yangu iliyobaki msibani. Napita nyuma ya ghala la zamani la pamba, nasikia mashine ya kusaga inakufa. Inakoroma, inagonga chuma, inalia. Nikajiambia: Isaya, kazi hiyo! Nikaingia na bisibisi mkononi.

Hakuna mashine. Vijana watatu tu. Ghati, msichana mrefu wa miaka kumi na tisa, ana gitaa la umeme lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mdogo wake, Wankyo, yuko kwenye ngoma ambazo kanisa fulani lilizitupa. Na Kija, kijana mpole wa gitaa la besi, anapiga huku ameangalia ukuta. Nikauliza wanafanya nini. Ghati akasema wanapiga panki roki.

Mimi panki najua ni mtindo wa kunyoa. Nikawakagua vichwa. Hakuna mwenye panki hata mmoja! Nikaona hapa pana pengo la uongozi.

Wakapiga "Bomba Linakohoa". Dakika moja na nusu. Ziwa lipo, ndoo ipo, maji yako wapi? Basi. Ghati haimbi, anagomba. Miaka kumi na tisa nakodisha muziki wa harusi, sijawahi kusikia mtu akilisema jambo la mtaa wangu kwa sauti kubwa hivyo. Vinyweleo vilinisimama.

Wanajiita Gogogo, kama yule samaki wa miiba anayemchoma anayemshika. Nimewagundua mimi. Luhende asijue! Luhende nilisoma naye, naye anakodisha spika hapa Musoma. Zake ni kubwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimenyoa panki. Kinyozi aliuliza mara tatu kama nina uhakika. Nina miaka arobaini na minne, nywele za katikati ni chache, panki imetoka kama nyasi za kando ya barabara.

Mke wangu, Matrida, alinitazama muda mrefu. Akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia mimi sasa ni meneja wa vijana. Akasema kofia ipo nyuma ya mlango.

Alhamisi, 10 Julai

Ghalani tena. Nikawaambia nataka kuwa meneja wao. Wananiitaga anko, sijawakataza. Ghati akasema kwanza nisikilize nyimbo zote, kwa sababu watu wanaondokaga kwenye wimbo wa pili. Nikakaa juu ya gunia.

"Mimi Siyo Zizi" ni moto. Msichana anawaambia wajomba waache kumhesabu kwa ng'ombe wa mahari. Wankyo anapiga ngoma kama anafukuza mwizi.

Halafu Kija akageuka kutoka ukutani, akaimba yeye. Wimbo unaitwa "Kaa Chini, Mama". Unaanza taratibu. Anataja kazi za mama yake, moja baada ya nyingine: kapalilia, kachuma pamba, kachota maji, kapika, kala amesimama. Halafu gitaa zinapasuka na wote watatu wanapiga kelele: kaa chini, mama! Kaa chini! Mama yake alifariki mwaka juzi. Hakusema hivyo kwenye wimbo. Aliniambia baadaye, akikunja waya.

Nililia. Nikasingizia vumbi la pamba. Ghala hilo halijaona pamba miaka mingi.

Nimerudi nyumbani, Matrida amesimama jikoni anakaanga sato. Nikamwambia akae chini. Akaniuliza nimeharibu nini.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango! Mzee Kwangu anafungua uzio mpya wa mnada wa ng'ombe, upande wa Butiama, kesho. Anataka muziki. Luhende ameshaomba kazi. Nikawahi kwa simu. Mzee akauliza ni muziki gani. Nikasema nyimbo za wafugaji. Siyo uongo mkubwa. Kuna wimbo una neno zizi.

Ghati akaniuliza kama maneno ya huo wimbo niliyasikia vizuri. Nikamwambia wazee hawasikilizagi maneno. Akauliza kama Mzee Kwangu anajua sisi ni nani. Nikamwambia anawasubiri kwa hamu.

Jumamosi, 12 Julai

Ee Mungu.

Tulifika saa tatu asubuhi. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, fimbo magotini. Ng'ombe karibu mia mbili ndani ya uzio. Spika moja nikaielekeza kwa wazee, nyingine kwa ng'ombe, heshima ifike kwa wote. Mzee Kwangu akakaribisha nyimbo za wafugaji. Wankyo akahesabu mpaka nne.

Uzio mpya haukumaliza ubeti wa kwanza. Ng'ombe waliondoka kwa pamoja kama wana kikao mahali. Dume jekundu lilipita na waya wangu wa umeme kwenye pembe. Spika zikazima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana Ghati hakuacha kuimba. Bila umeme maneno yanasikika vizuri sana! Mimi siyo zizi, mjomba, usihesabu mkia wangu. Mama mmoja muuza chai akasema, "Sema tena, mwanangu." Ghati akasema tena.

Mzee Kwangu akasimama. Akanijia na fimbo. Akauliza, "Hawa watoto ni wa nani?"

Nikasema, "Siwajui, mzee. Mimi nimeleta spika tu."

Nilisema hivyo. Nimeandika ili isiniponyoke. Ghati alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Hakukasirika. Alilivua gitaa, akalifunika kwa khanga yake kama mtoto, wakaondoka watatu kwa miguu kuelekea barabarani.

Mimi nikatumwa kutafuta ng'ombe. Wa mwisho nimempata karibu na Bugwema. Hakutaka kurudi. Nilimwelewa.

Jumatatu, 14 Julai

Mtu aliturekodi kwa simu. Musoma nzima inatazama. Watu wanacheka ng'ombe, halafu wanaimba "Mimi Siyo Zizi". Muuza ndizi anaimba. Watoto wa shule wanaimba. Kwenye video mimi naonekana sekunde mbili, panki na mgongo, nakimbia.

Luhende ameenda Bunda. Amewaambia anataka wapige ukumbini Musoma Jumapili, nyimbo zao zilezile, na kwenye bango ameandika panki roki, tena kwa herufi kubwa. Ukweli mtupu! Mbinu chafu kabisa.

Alhamisi, 17 Julai

Sikula vizuri siku tatu. Matrida akanipa kofia, akasema niende Bunda nikaseme neno moja tu, nisiongeze lingine.

Nikafika ghalani. Nikasema samahani. Nikataka kueleza kuhusu presha ya Mzee Kwangu na hali ya soko la muziki, nikakumbuka neno moja. Nikanyamaza. Kazi ngumu kuliko ng'ombe.

Wankyo hakuniangalia. Kija akanisogezea gunia nikae. Ghati akasema, "Anko, wewe ndiye wa kwanza kusikiliza mpaka mwisho. Hilo hatulisahau. Ila umeneja, hapana." Nikasema nimeelewa. Akaniomba Jumapili nije, nisimame mbele, kwa sababu mbele panakuwaga patupu.

Jumapili, 20 Julai

Nilienda na koleo la kukatia waya mfukoni. Nia: nimkatie Luhende waya mmoja mdogo, nijitokeze kuutengeneza, heshima irudi. Matrida alikuja na gauni la kanisani.

Watu themanini na kitu. Mbele patupu kweli. Nikasimama. "Bomba Linakohoa", nikaimba kila neno. "Mimi Siyo Zizi", mama wa chai alikuwepo, alipanda kwenye benchi. Halafu Kija akaanza "Kaa Chini, Mama", safari hii amewaangalia watu. Kapalilia. Kachuma pamba. Kala amesimama.

Nikatazama pembeni. Matrida, ambaye hajawahi kuinua sauti hata kwa mbuzi, alikuwa anapiga kelele na mikono juu, machozi yanatiririka. Koleo nililisahau. Nimelikumbuka tulipofika nyumbani, limetoboa mfuko.

Nimempikia chai. Amekaa.

Jumanne, 22 Julai

Musoma kuna mashindano ya vipaji vya vijana, mwisho miaka ishirini na mitano. Na mimi leo Mugango nimekuta mzee anapiga litungu, ile ala ya nyuzi ya kienyeji, mpaka wavuvi wanaacha nyavu! Anaitwa Mzee Nathanieli. Umri wake themanini na mmoja.

Nimeshampigia simu msimamizi. Nimemwambia ni kijana wa miaka ishirini na minne, ila amefanya kazi sana juani.