Majibu Ishirini ya Mpishi Mkuu

Jumatatu, 9 Juni

Nimetukanwa leo, tena mbele ya masufuria. Mwalimu mkuu ametuita wapishi akasema kuanzia muhula ujao, mpishi mkuu lazima awe amepita mtihani wa mdomo wa maana ya maneno ya upishi na lishe. Kuchemsha ni nini. Protini ni nini. Miaka kumi na tisa nachemsha maharagwe ya shule hii hapa Chakol, leo naulizwa kuchemsha ni nini!

Atakayeshinda ndiye atakayeshika ufunguo wa stoo. Ufunguo huo uko shingoni mwangu. Rosebella, niliyemfundisha mwenyewe kukata vitunguu, akauliza kama naye anaweza kujiandikisha. Akakubaliwa. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 10 Juni

Rosebella anasoma daftari huku akikoroga uji. Uji umeungua kidogo. Nimefurahi kidogo.

Mke wangu Amuge anasema nisihangaike, niseme tu kile mikono yangu inafanya kila siku. Maskini, hajui mitihani. Mtihani unataka maneno makubwa, na mimi najua yalipo. Yako kwa Willis, mwenye duka la kuchapisha pale Amagoro. Yeye ndiye anayepiga chapa karatasi zote.

Jumatano, 11 Juni

Willis alikataa kabisa. Akasema ni dhambi, na yeye ni mtu wa kanisa. Halafu akauliza jogoo wangu ana uzito gani. Jogoo ni wa Amuge, lakini sikuona haja ya kuingia kwa mambo hayo.

Nimepata majibu ishirini, namba moja hadi ishirini, safi. Maswali yako kwa karatasi nyingine, na hiyo Willis alitaka jogoo wa pili. Tamaa iliyoje! Nikamwambia mwenye majibu hana shida na maswali.

Alhamisi, 12 Juni

Nakariri. Amuge ameuliza jogoo wake yuko wapi. Nikasema kicheche. Akauliza tangu lini kicheche anafungua komeo, akaondoka. Mimi nikaendelea na namba kumi na moja.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika, lakini dunia ijue. Mtahini, Madam Nasambu kutoka Busia, hakufuata namba! Mtu mzima na elimu yake, anaruka ruka kwenye karatasi. Mimi nimeamka na namba moja mdomoni, yeye akauliza kukaanga ni nini. Nikasimama wima nikajibu: ni kirutubisho kinachojenga mwili na kurekebisha seli zilizochakaa. Akauliza vitamini. Nikatoa namba mbili: ni kupika kwa mafuta yaliyopata moto. Rosebella akakohoa ndani ya leso. Kufikia swali la saba chumba kizima kilikuwa na kikohozi.

Halafu akaongeza mawili kutoka kichwani mwake, ambayo kwa karatasi hayakuwepo. Ule ni ujanja. Uchachushaji ni nini? Nilikuwa nimekasirika, nikasema ninavyoona pombe ikitengenezwa kwetu: unga unakandwa na maji, unafukiwa shimoni wiki nzima, unakaangwa, unaanikwa, unatiwa maji na kimea cha wimbi, na chungu kikianza kunong'ona, umekwisha kuiva bila moto. Akauliza utapiamlo. Nikasema ni mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyepesi, anayekuja kupanga foleni ya pili akijifanya hajala, na wewe unajua, na unampa. Madam aliacha kuandika. Sikumwelewa. Niliona aibu, nikakaa chini.

Jumatatu, 16 Juni

Rosebella ameshinda. Nilivua ufunguo mwenyewe. Ulikuwa mzito kutoka, na nimeumia, nisidanganye. Alinipa pole, akaniita mzee wangu. Hata hilo lilinichoma.

Nina marudio mwezi wa saba. Nikishinda, ufunguo unarudi. Kwa karatasi yangu ya alama Madam ameandika kwamba nimepata mawili tu, yale mawili ya mwisho, na kwamba hajawahi kusikia majibu mazuri hivyo, nirudi nijibu yote namna hiyo. Amuge amesoma mara tatu akaniangalia kama anangoja kitu.

Nimeelewa kosa langu. Niliiba upande mmoja. Kesho naenda Amagoro, Willis anipe maswali na majibu, pamoja na maana rasmi ya yale mawili, nisikamatwe tena nikijibu kwa akili yangu.