Nguo ya Magome ya Babu

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Gitega.

Kikao cha ukoo kwa shemeji Salima. Jumamosi tunakwenda Muyinga kutoa mahari ya Twaha, mwanawe. Anatafutwa msemaji: yule anayesimama mbele ya wakwe na kushindana nao kwa maneno mpaka waachie binti. Mara ya mwisho alikuwa Hussein, mume wa dada yangu. Mara ya kabla pia. Hussein ana suti ya kijivu na sauti ya redio. Mimi nina akili.

Salima akasema wakwe hawa wanapenda mambo ya kale. Nikasimama. Nikatangaza kwamba ninayo nguo ya babu, ile ya magome ya mti waliyovaa wazee kabla pamba haijafika, na kwamba mwenye nguo ndiye mwenye neno. Bibi mmoja akafuta machozi. Nikachaguliwa palepale. Hussein akauliza mbona hajawahi kuiona. Nikamwambia yeye ameoa tu kwetu, hakuzaliwa.

Ushindi kamili. Limebaki jambo dogo. Nguo hiyo haipo.

Jumanne, 8 Aprili.

Nimechukua shuka jeupe kabatini, Kulthumu alipotoka. Pamba tupu. Mke mwema hutoa hata asipojua ametoa.

Rangi nimeipata kwa Letisia, muuza maparachichi sokoni. Amekulia kambini Tanzania, huko walikuwa wakitia rangi ukili wa mikeka. Akanipa mfuko wa kokwa na hotuba: "Kaka Chabani, chemsha mpaka maji yawe mekundu, tia chumvi, halafu suuza mpaka maji yatoke safi. Usiposuuza utaaibika mbele za watu." Kokwa nimezichukua, hotuba nimemwachia. Kusuuza! Nihangaike kuingiza rangi, kisha niimwage mtaroni?

Jumatano, 9 Aprili.

Nimechemsha kwenye debe nyuma ya nyumba. Shuka limetoka pinki. Pinki ya gauni la mtoto siku ya Idi! Nikakaa chini kidogo.

Mwanamume hakati tamaa. Nikaongeza maganda ya vitunguu, majani ya chai na konzi tatu za udongo mwekundu wa barabarani. Hapo sasa! Kahawia ya mti wenyewe. Sikusuuza hata tone.

Kulthumu akarudi. "We Chabani, iko nini hiyo kwenye kamba? Na shuka yangu iko wapi?" Nikamjibu kwamba kuuliza maswali mawili kwa pamoja si adabu. Nitalala sebuleni.

Alhamisi, 10 Aprili.

Hussein amekuja kukagua. Wivu umemjaa mpaka kooni. Akashika pindo, akauliza ni mti gani unaota ukiwa umeshonwa kwa cherehani. Nikasema babu alikuwa fundi. Akamkimbilia Salima.

Salima akaitazama nguo, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akasema kwa mbali inafaa, ila nikimkosesha Twaha mke nisikanyage tena kwake. Nimethibitishwa rasmi!

Jumamosi, 12 Aprili. Muyinga.

Niandike haraka, kabla furaha haijapoa.

Gari lilizima njiani, Gasorwe. Mvua. Tukashuka kusukuma, mimi mbele, nguo ya babu mwilini. Hussein alibaki ndani ili suti isilowe. Alisema ni kwa heshima ya wakwe.

Tukafika. Wazee kumi na mmoja wa upande wa binti, Raissa, wamepanga mstari, kanzu nyeupe, pasi ya kukata kidole. Msemaji hawezi kusalimu kwa mbali kama askari. Nikawakumbatia wote, kifua kwa kifua, mmoja baada ya mwingine, kwa moyo wangu wote. Nilipogeuka nikaona vifua kumi na kimoja vya kahawia.

Twaha akafumba macho. Niliogopa, sitaficha. Nilimwona kijana wa watu akirudi Gitega bila mke kwa ajili yangu.

Mzee Radjabu, msemaji wao, akajitazama. "Ee bwana, weye umekuja kuoa ao kutupaka?"

Hapo ulimi ukafunguka wenyewe. Nikasema hii ni nguo ya babu. Mgeni haimshiki. Imewashika wazee wote kumi na mmoja kwa sababu imetambua wakwe zake, na mimi ni nani nimbishie babu? Vigelegele! Radjabu akacheka mpaka akashikwa begani. Akasema hoja kama hiyo hajawahi kupigwa, binti ni wetu.

Na Hussein? Suti yake haikuwa na doa. Bibi mmoja akamwuliza kama yeye ni dereva. Nusu saa baadaye alinifuata kando, akaniomba nimkumbatie. Nilifikiri kwanza.

Jumatano, 16 Aprili. Gitega.

Limefika gunia kutoka Muyinga. Kanzu kumi na moja, na barua ya Mzee Radjabu. Amenusa kanzu yake nyumbani, inanuka parachichi. Anasema nguo ya babu yangu haijapata kuwa mti. Kanzu zirudi safi, zote sawasawa, kabla ya arusi tarehe 26, la sivyo Raissa habebwi.

Wengine wangeona adhabu. Mimi nasoma "zote sawasawa". Zote sawasawa ndiyo sare! Nani amewahi kutoka kwenye mahari na oda ya kanzu kumi na moja?

Kuzirudisha nyeupe ni kazi ya watu wasio na mawazo. Nitazitia njano, ya dhahabu, kwa bizari ya manjano. Kilo nne nimeshanunua. Kipimo sihitaji, jicho langu limezoea. Kulthumu amefungia masufuria yote chumbani, lakini Hussein, tangu nimkumbatie, hanikatalii kitu. Ameniazima sufuria lake kubwa, lile litakalopikiwa pilau ya arusi. Nikimaliza kulitumia, wali wao utapata rangi ya bure.